Shule yetu ya muziki baada ya kuingizwa chuoni: nyota tatu

Natoa nyota tatu kati ya tano, na niseme mapema kwamba hizo tatu ni kama wastani wa vitu viwili visivyofanana. Idara ya vijana wanaojiandaa kusomea muziki ningeipa nne na nusu bila kusita. Masomo ya jioni ya watu wazima, ambayo ndiyo ninayoyalipia kwa ajili yangu mwenyewe, yanapata mbili, na moja kati ya hizo ni ya mwalimu wangu wa selo (ile fidla kubwa inayopigwa umeketi), si ya chuo.

Jina la shule silitaji. Wanaosoma pale wataitambua, na wasiosoma pale hawatapungukiwa na kitu, maana ninayoyaeleza yanaweza kumkuta yeyote ambaye shule yake ndogo ya muziki imechukuliwa na chuo kikubwa. Kwa kazi mimi ni mhasibu. Selo nilianza nikiwa mtu mzima, tayari nina mtoto. Mtoto huyo sasa ana miaka 15 na anapiga fidla vizuri kuliko nitakavyowahi kupiga selo. Kwa hiyo huduma hii naijua kwa pande zote mbili: nabeba selo langu mgongoni kama mwanafunzi, na nasimama dirishani kwa mhasibu mwenzangu kama mzazi anayedaiwa.

Barua iliyotufikia ilisema taasisi mbili zinaungana. Mtu wa hesabu akipokea barua ya namna hiyo haangalii maneno mazuri ya ukurasa wa kwanza. Anatafuta jengo litaandikwa kwa jina la nani, walimu watasaini mkataba na nani, na pesa ambazo wafadhili walitoa kwa ajili ya shule zitabaki kwenye mfuko wake au zitachanganywa na nyingine. Majibu yote yalikuwa chuo, chuo, na "bodi ya chuo itaamua". Basi tusijidanganye: huku ni kuchukuliwa. Na kuchukuliwa si lazima kuwe kubaya.

Nasema hivyo kwa sababu hesabu za shule ndogo ya muziki nazijua, na hazina siri. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, chumba kimoja, saa moja. Huwezi kuweka wanafunzi arobaini wa selo mbele ya mwalimu mmoja ukasema umeokoa gharama. Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1960 kwa mfano wa kwateti ya nyuzi: kazi iliyohitaji wapigaji wanne na muda fulani karne mbili zilizopita inahitaji wapigaji walewale wanne na muda uleule leo. Kiwandani mashine huongeza mazao kwa kila saa ya mfanyakazi, mishahara inapanda, na mwalimu wa muziki naye anahitaji mshahara unaopanda ingawa hawezi kufundisha vipimo vya noti haraka zaidi. Pengo hilo lazima mtu alizibe: mzazi, mfadhili, au taasisi kubwa yenye kozi nyingine zinazoingiza faida. Shule yetu ilizibiwa pengo na wafadhili wachache waliokuwa wakizeeka. Nilishaona taarifa zake za mwaka. Bila chuo, ilikuwa inafunga milango.

Kwa hiyo nianze na mazuri, na ni mengi.

Piano. Anayekumbuka piano za zamani atanielewa. Ile ya ukumbi mdogo ilikuwa imeshuka sauti kiasi kwamba fundi alikataa kuipandisha hadi pale inapotakiwa, akihofia nyuzi kuukuu zisingehimili. Piano ina nyuzi zinazozidi mia mbili, na zote kwa pamoja zinavuta fremu yake ya chuma kwa nguvu ya tani kumi na kitu, kwa hiyo fundi alikuwa na haki ya kuogopa. Matokeo yake ni kwamba watoto wa fidla walizoea kulegeza nyuzi zao kila walipoingia ukumbini, ili wafanane na piano. Binti yangu alifanya hivyo bila hata kufikiria: anafungua boksi, anasikiliza la ya piano (noti ambayo wote hutunia), anashusha. Nyumbani anapandisha tena. Kwa miaka kadhaa masikio yake yaliishi na la mbili.

Chuo kilizihamisha piano, zikakaa wiki kadhaa bila kuguswa. Wazazi walilalamika sana, na mimi nilikitetea chuo. Mbao zikihamia kwenye jengo lenye unyevu tofauti hutanuka au kunywea, na ukitune kabla hazijatulia utakuwa umefanya kazi ya bure. Fundi wa chuo alingoja, kisha akapita chumba kwa chumba. Sasa kila chumba cha mazoezi kina kipimo kidogo cha unyevu ukutani, na sindano yake haitoki kati ya asilimia 40 na 50. La ni mitetemo 440 kwa sekunde kila mlango unaofungua. Binti alilalamika mwezi wa kwanza kwamba "kila kitu kiko juu". Siku hizi akisikia rekodi zake za zamani anakunja uso.

Maktaba ya noti nayo ni ya kupiga magoti. Wapigaji wa selo tunaishi na zile suti sita (mifululizo ya vipande vya dansi) za mtunzi Bach za selo pekee, na mimi nilikuwa nimezisoma kwenye nakala ya fotokopi ambayo mhariri wake alijaza mistari ya kuunganisha noti kila mahali, kwa upinde wake na ladha yake. Hati ya mkono wa Bach mwenyewe haipo. Tulizo nazo ni nakala walizoandika wengine, maarufu kuliko zote ikiwa ile ya mkewe, Anna Magdalena, na mistari yake imelala kwa namna ambayo mara nyingi huwezi kujua inaanzia noti gani. Chuo kina picha za hati hizo, na kina matoleo kadhaa yaliyochapishwa. Niliyapanga mezani nikafungua ukurasa uleule kwenye kila moja, na hakuna mawili yaliyokubaliana. Nilipompelekea mwalimu maswali yangu alicheka akasema, "Dada, sasa ndiyo umeanza kusoma." Hilo shule ndogo isingeweza kunipa. Kabati lao la noti lilikuwa kabati kweli, na mlango mmoja haukufunga.

Orkestra ya vijana ndiyo iliyoivutia nyota ile ya nne na nusu. Zamani tulikuwa na fidla tele, selo za kuhesabu, filimbi nyingi, na hakuna obo wala fagoti (vyombo vya kupuliza vya mbao). Sehemu za obo zilipigwa na klarineti au ziliachwa. Mtoto alikulia akidhani orkestra ni fidla nyingi na kelele kidogo nyuma. Siku ya kwanza binti kuketi kwenye fidla za pili za orkestra ya chuo, yenye watu wa kila chombo, obo mmoja akatoa la na watu zaidi ya sitini wakaanza kutune. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Alipotoka hakuzungumzia wimbo wowote, alizungumzia zile sekunde chache za kutune tu. Aliuliza kwa nini ni obo inayotoa la na si fidla, na mwalimu wa nadharia akamjibu kwa dakika nzima: sauti yake inapenya, ni thabiti, na si rahisi kuibadilisha palepale, kwa hiyo ni vyema wengine wamfuate yeye. Nadharia, kwa ujumla, imeboreka mno. Darasa la solfa na la kuandika wanachosikia lina mwalimu wake maalumu na lina mpangilio. Kwenye shule ya zamani nadharia ilifundishwa na yeyote ambaye mwanafunzi wake hakutokea siku hiyo.

Sasa upande wa pili.

Kipindi changu kilikuwa saa nzima. Kwenye ratiba ya chuo kipindi ni dakika 50, kwa sababu madarasa yote ya chuo ni dakika 50, kuanzia kemia hadi historia, ili watu wapate muda wa kuhama vyumba. Mimi sihami chumba. Nafika, nafungua, napiga, naondoka. Ada haikushuka. Dakika kumi kwa wiki zinasikika kama kitu kidogo mpaka uhesabu kwamba dakika za kwanza za kipindi cha selo ni kutoa chombo, kukaza upinde, kupaka ulimbo, kutune na kupasha vidole moto. Zile zilizokatwa zilitoka kwenye nyama ya kipindi.

Zamani mwalimu alipitiliza muda karibu kila mara, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa mwanafunzi anayefuata alikaa ndani ya chumba, pembeni, akisikiliza. Nimejifunza nusu ya ninayoyajua kwa kumsikiliza mvulana aliyenitangulia akirekebishwa makosa ambayo na mimi nilikuwa nayo. Leo mlango unafunguliwa kwa kadi, na kadi yako inafanya kazi kwenye dakika zako tu.

Nitoe mfano wa kile hasa kinachopotea. Selo nyingi zina noti moja mbaya, aghalabu karibu na fa, ambapo mwili wa chombo unatetemeka kwa kasi karibu sawa na uzi na hivyo vinagombana. Badala ya sauti unapata mngurumo unaokatika-katika. Si kosa la mpigaji. Selo langu linanguruma vibaya sana. Mwalimu alitenga vipindi vizima kwa noti hiyo moja: nibane ubavu wa selo kwa goti, nisogeze upinde karibu na daraja (kibao kinachoinua nyuzi), niongeze uzito lakini nipunguze kasi, kisha akaja na kibomba kidogo cha shaba cha kufunga kwenye uzi chini ya daraja na tukakisogeza milimita kwa milimita, tukisikiliza. Kwa hiyo wiki hizo hatukumaliza wimbo wowote. Kwenye mfumo mpya mwalimu anatakiwa kujaza fomu ya malengo ya muhula, kila wiki na lengo lake, na mwisho kuna tathmini ya kila mwanafunzi, hata mimi niliye na mvi. Mwalimu anajaza fomu kwa uaminifu. Lakini hakuna kisanduku cha noti inayonguruma, na nimeanza kuona akiitupia jicho saa.

Kalenda ni shida nyingine, na hii inawagusa watoto kuliko watu wazima. Shule ndogo ilifundisha karibu mwaka mzima na kusimama wiki chache. Chuo kina mihula miwili ya wiki 14 na likizo ndefu katikati. Kwa mwanafunzi wa shahada hilo ni sawa, anajua kujisimamia. Mtoto wa miaka saba anayejifunza kushika upinde akikaa likizo nzima bila mwalimu, kidole gumba kinanyooka, kidole kidogo kinakakamaa, na muhula mpya unaanza kwa kubomoa. Nimeongea na wazazi wa watoto wadogo, na wengi wao sasa wanamlipa mwalimu pembeni wakati wa likizo. Walimu wanaruhusiwa, ila si ndani ya vyumba vya chuo. Kwa hiyo majengo mazuri yanakaa matupu na watoto wanafundishwa sebuleni.

Na kuna ofisi ya usajili. Shule ya zamani ilikuwa na katibu mmoja aliyejua jina la kila mtoto, chombo chake, na mzazi gani huchelewa kumchukua. Alistaafu wakati wa kuhama. Mara ya kwanza nilipojisajili kwenye mfumo mpya, jina la mwalimu wangu halikutokea kwenye orodha. Nikaenda dirishani. Kijana wa pale alikuwa na adabu kamili.

"Mama, mfumo unaonyesha mwalimu huyo ana nafasi za wanafunzi wa shahada tu."

"Lakini ananifundisha tayari. Kipindi changu ni kesho."

"Ndiyo, Mama. Ila kwenye mfumo hakufundishi."

Lilirekebishwa baada ya barua pepe nyingi na baada ya mwalimu mwenyewe kwenda kwa mkuu wa idara. Simlaumu kijana, hana mamlaka ya kubadilisha chochote kwenye kioo kile, anakisoma tu. Ninacholaumu ni mpangilio unaomchukulia mwalimu kama chumba: kilicho wazi, anapewa anayefuata. Katika muziki mwalimu ndiye bidhaa. Mtu hajisajili "selo, kiwango cha pili". Anajisajili kwa mtu aliyemsikia akipiga vibaya mwaka juzi na anakumbuka alikosea wapi.

Wapiga piano wa kusindikiza nao wamekuwa adimu. Zamani mama mmoja mpole alikaa na kila mtoto mara kadhaa kabla ya onyesho. Alijua binti yangu huvuta pumzi kabla ya kuingia na akamngoja. Sasa wasio wa shahada wanapata zoezi moja, fupi, na msindikizaji yeyote aliye zamu. Ni wapigaji hodari, wanasoma noti papo hapo bila kutetereka. Kwenye onyesho la mwisho msindikizaji alianza kwa mwendo ulioandikwa, binti akaingia kwa mwendo wake, na kwa mistari miwili kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake kwa heshima. Walikutana. Hakuna aliyeona isipokuwa sisi watatu na mwalimu.

Vyumba vya mazoezi: vizuri, vingi, havina mwangwi ule wa kuudhi wa kuta mbili tupu zinazotazamana, na kipaumbele ni cha wanafunzi wa shahada. Jioni karibu na mitihani usijisumbue.

Kabla ya kuamua kama nibaki, nilifanya kile ninachofanya kazini mteja akiniletea mkataba, yaani kutazama wengine waliotangulia waliishia wapi. Muungano wa namna hii si jambo jipya, na historia yake haikubaliani na wanaoogopa kila kitu wala na wanaoshangilia kila kitu.

Ulionikosesha usingizi ni wa Longy. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1915 huko Boston, Marekani, na Georges Longy, mpiga obo wa Boston Symphony Orchestra. Mwaka 2012 iliungana na Bard College. Mwaka uliofuata, 2013, ikatangaza kwamba inafunga masomo ya watoto na ya watu wazima wa mtaani, ibaki na wanaosomea shahada. Sisemi Bard ilikusudia hivyo tangu mwanzo. Lakini mtu wa jioni kama mimi akisoma mfuatano huo wa miaka, 2012 kisha 2013, anaelewa yuko upande gani wa orodha.

Kisha kuna Westminster Choir College, chuo cha kwaya kilichokuwa mjini Princeton tangu 1932 na kikaungana na chuo cha Rider mwaka 1992. Kwa miaka mingi kilibaki kwenye eneo lake na jina lake. Halafu hesabu za Rider zilipobana, kikawa mali ya kuuzwa. Mwaka 2018 kulikuwa na makubaliano ya kukiuza kwa dola milioni 40 kwa kampuni ya Kichina ya elimu ambayo awali ilikuwa ikitengeneza madaraja ya chuma (hili silitungi), mpango ukavunjika 2019, na mwaka 2020 masomo yakahamishiwa kampasi ya Rider huko Lawrenceville. Miaka 28 ilipita kati ya muungano na kuhama. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "mwaka umepita na hakuna kilichobadilika" hajakuambia chochote.

Upande mwingine kuna shule ya muziki ya Peabody ya Baltimore, iliyoanzishwa 1857, ambayo ilijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1977 baada ya kubanwa na fedha. Idara yake ya maandalizi, inayofundisha watoto na watu wazima, ipo mpaka leo. Na Boston Conservatory iliungana na Berklee mwaka 2016, majirani wa mtaa mmoja, mmoja akiwa na muziki wa klasiki, dansi na tamthilia, mwingine jazi na muziki wa kisasa. Pale kila upande ulileta kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, na jina la zamani limebaki ndani ya jina jipya.

Nilichokiona kwenye mifano hii ni kwamba idara ya jamii inasalimika pale ambapo ina kitabu chake cha hesabu, mkuu wake mwenye kauli, na vyumba ambavyo si vya kuazima. Inapokuwa mstari mmoja ndani ya bajeti ya kitivo, siku nafasi ikibana mstari huo ndio unaofutwa kwanza, na hakuna mtu mbaya anayehitajika ili hilo litokee.

Nikaandika barua kwa mkuu wa idara nikauliza hayo hayo. Alinijibu mwenyewe, kwa urefu, bila kunipiga chenga, na hiyo ni sehemu ya sababu sijashuka chini ya nyota tatu. Mfuko wa vijana umetengwa kwa masharti ya wafadhili na hauwezi kuguswa. Watu wazima hawana mfuko. Vipindi vyetu vimehakikishwa hadi mwisho wa mkataba wa mpito, ambao una tarehe yake. Baada ya hapo "vitatathminiwa". Kuhusu dakika kumi alisema analijua lalamiko na kwamba amepeleka ombi la kuruhusu vipindi vya saa nzima baada ya saa kumi na mbili jioni, madarasa mengine yakishaisha. Ombi bado liko njiani.

Kama unafikiria kujiunga, ushauri wangu unategemea wewe ni nani. Kijana wa miaka 13 na kuendelea mwenye nia ya kusomea muziki, mpeleke bila kungoja. Hatapata kwingine orkestra kamili, maktaba na nadharia ya kiwango hicho, na akifika umri wa kuomba nafasi ya shahada, walimu watakaomsikiliza wanamfahamu. Mtoto mdogo anayeanza, mpeleke ikiwa tu mwalimu wake amekubali kumfundisha wakati wa likizo, na kubalianeni kabla hujalipa ada. Mtu mzima, uliza jina la mwalimu kwanza, kabla ya kuuliza ada. Uliza mkataba wake na chuo ni wa miaka mingapi au ni wa muhula kwa muhula. Walimu wengi wa vipindi vya jioni wako kwenye mikataba ya muhula, na mwalimu asiyejua kama atakuwepo mwakani hawezi kukupangia miaka mitatu ya kujifunza Bach. Ukiambiwa mambo yako yanalindwa, omba karatasi. Wafanyakazi wa pale ni waungwana na wanaoniahidi jambo wanaamini wanachosema, ila nimeshaona watatu kati yao wakihamishwa idara tangu muungano.

Onyesho la watoto sasa linafanyika kwenye ukumbi mkubwa. Sauti ni nzuri kupita kiasi na viti vya mbele tu ndivyo vinajaa. Ningependa wangerudisha yale madogo ya mwisho wa mwezi, ya chumbani, ambapo mtoto alipiga wimbo wa dakika mbili mbele ya wazazi kumi na kukosea bila jambo kuwa kubwa. Nimeliandika hilo kwenye fomu ya maoni. Fomu inauliza kuhusu maegesho, usafi na "uzoefu wa kidijitali". Muziki niliuandika pembeni.

Binti nimemlipia mwaka mzima. Mimi nimejisajili muhula mmoja, Jumanne saa moja jioni, muda ambao hakuna mwanafunzi wa shahada anayeutaka, kwa mwalimu wangu yuleyule, ambaye sasa mfumo unakubali kwamba ananifundisha. Mkataba wa mpito ukifika tarehe yake na watu wazima bado tukawa kwenye orodha ya kozi, nitarudi hapa kuongeza nusu nyota. Wakiturudishia na zile dakika kumi, nitaongeza nzima.